Rais Aliyekataa Kuvaa Koti

Walimu wenzangu wa Idara ya Historia mliobaki kazini mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya ualimu, Makambako kwanza na Njombe baadaye. Nimekubali kwa sharti kwamba sitaandika lolote juu ya madaraja, mishahara wala barua za pongezi. Barua zenyewe nilipata mbili, na moja iliandikwa jina la mtu mwingine. Nitaandika juu ya mdahalo. Kwa miaka mingi nilisimamia mdahalo wa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita juu ya swali moja: kati ya marais wote wa Marekani, ni yupi aliyekuwa mbaya kuliko wenzake? Katika mdahalo huo niliwahi kumwita binti mmoja mwongo mbele ya baba yake mzazi, naye hakuwa mwongo. Najua habari hiyo inasimuliwa ofisini kwenu kwa namna nne tofauti, zote za kusikia. Ni afadhali muipate kwa aliyeyafanya makosa.

Niliripoti Makambako siku ya upepo. Mtasema kwamba Makambako kila siku ni ya upepo, na mtakuwa sahihi, lakini mimi nilikuwa mgeni na sikujua kwamba barua hushikwa kwa mikono miwili. Yangu ya kuripoti niliikamata upande wa pili wa barabara ya Songea, ikiwa na alama ya tairi la baiskeli. Mkuu wa shule aliisoma pamoja na alama ile, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Historia? Sisi tuliomba wa Hisabati." Kisha akanielekeza kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara alikuwa Mzee Mlowe, mtu wa Makete, mrefu, mwenye sauti nzito na taratibu. Alikuwa na makoti mawili: moja zito la miezi ya baridi na jingine zito kidogo la miezi iliyobaki. Siku ile alinikabidhi boksi la chaki, rula ya mti ya yadi moja, na kaunta buku nne zilizojaa mwandiko wake. "Haya ni maandalio yangu ya miaka kumi na minne," aliniambia. "Nakili yote. Usipunguze, usiongeze. Na kila mwanafunzi akikuletea jambo, mwambie aandike pembeni amelitoa wapi. Asiyeandika pembeni, mpe sifuri ya duara."

Nilinakili kwa miezi mitatu. Wakati huo hatukuwa na mashine ya kurudufu iliyo nzima, na ndiyo maana mpaka leo naamini kwamba mwalimu asiyenakili kwa mkono hajui anachofundisha. Nawausia pia, mkiwa Njombe, chaki mziweke karibu na jiko. Ukungu wa huku huzifanya laini kama jibini, na mwalimu anayefundisha kwa chaki laini huonekana hana msimamo.

Mdahalo wa marais haukuanzia darasani. Ulianzia ofisi ya walimu Makambako, chai ya saa nne. Mwalimu Sanga wa Fizikia alikuwa na redio, na pale njia panda madereva wa malori walimletea habari za dunia ambazo redio yenyewe haikuwa nazo. Kila taarifa ya habari ilipotaja Marekani, Sanga aliweka kikombe chini.

"Mbaya kuliko wote," alisema siku moja, "ni yule aliyetuletea mahindi ya njano."

"Yale yaliyotuokoa na njaa?" nilimwuliza.

"Tulishiba, sikatai. Lakini umewahi kuuangalia ule ugali? Rais mwenye nia njema hawezi kupeleka chakula cha rangi ile."

Mwalimu wa Kilimo akasema mbaya ni aliyepandisha bei ya mafuta ya taa. Mwalimu wa Dini akasema mbaya ni yule aliyeachana na mke wake. Nilimwuliza ni yupi huyo na aliyasoma wapi. Akajibu kwamba mambo mengine mtu huyahisi tu. Ndivyo ilivyokuwa kila siku: watu wazima, wenye vyeti, wakihukumu mfululizo wa marais wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeikanyaga, na kwa uhakika ambao hawakuwahi kuwa nao walipoulizwa wastani wa darasa lao. Mama aliyetupikia chai alituvumilia kwa wiki kadhaa, kisha akasema, huku akimimina, "Mnamkamata mtu wa mbali huko, wakati mwenyekiti wa kitongoji chenu hamjamwuliza hata siku moja bomba lilipoishia." Sanga akaomba sukari.

Ni katika chai kama hiyo Mzee Mlowe alipotoa hukumu yake. Hakuwa mtu wa kuchangia, kwa hiyo alipokohoa redio ilizimwa. Alisema rais mbaya kuliko wote ni yule aliyeapishwa siku ya baridi kali, akakataa kuvaa koti na kofia ili aonekane bado ana nguvu, akahutubia kwa karibu saa mbili akiwa vile vile, akapigwa na baridi, na baada ya mwezi mmoja akafa. "Mtu aliyeshindwa kujivika," alisema Mlowe, akifunga kifungo cha juu cha koti lake, "angeivika vipi nchi?"

Msomaji wa pwani labda haoni uzito wa shitaka hilo. Huku kwetu, mzazi anayemtoa mtoto nje asubuhi ya mwezi wa saba bila sweta huongelewa kanisani. Ofisi nzima ilikubali bila kura. Hata Sanga aliacha mahindi ya njano. Kwangu mimi habari hiyo ilikuwa imeshatulia, kwa sababu nilikuwa nimeikuta kwenye kaunta buku ya tatu, nikainakili bila kupunguza wala kuongeza.

Nilipohamishiwa Njombe nilikuta klabu ya mdahalo iliyokuwa ikijadili kila muhula kama mwalimu ni bora kuliko mkulima. Hoja hiyo ilikuwa imezeeka kiasi kwamba wanafunzi waliirithi kwa kaka zao pamoja na mifano. Niliiondoa, nikaweka ile ya marais, maana katika mtaala wa kidato cha tano na sita Marekani ilikuwamo na wanafunzi waliiogopa. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa aibu. Walishambulia majina. Rais mwenye jina gumu kutamka alipata kura nyingi za ubaya, na mwenye jina linalofanana na la mchungaji wa usharika wao aliachiwa huru.

Ndipo nilipokumbuka kazi ya kusahihisha mitihani. Anayesahihisha hamjui mtahiniwa, anaona namba na majibu tu. Nikaamua kwamba marais nao wataingia ukumbini bila majina. Kila mmoja alikuwa mtahiniwa mwenye namba, na matendo yake yaliandikwa kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani. Wa Kwanza aliona majimbo yakijitenga, akasema ni kosa kujitenga lakini sheria haimpi uwezo wa kuyazuia, akasubiri muda wake uishe. Wa Pili alizungukwa na marafiki walioiba mali ya umma. Wa Tatu alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji kutoka ardhi ya mababu zao. Wa Nne alijirekodi mwenyewe kwa kanda akipanga kuficha makosa. Wa Tano alikataa kuvaa koti. Majina yao siyataji hata hapa. Anayeyataka ayatafute, na akiyapata aandike pembeni ameyatoa wapi.

Utaratibu huu ulikuwa na faida ambayo sikuikusudia. Mwaka mmoja tulikuwa na mgeni rasmi, kiongozi fulani wa mamlaka za chini ambaye cheo chake sikitaji. Msichana mmoja alisoma ukutani kwa sauti: "Mtahiniwa wa Pili. Aliwapa vyeo marafiki zake aliokuwa akicheza nao karata. Marafiki waliiba. Yeye alisema hakujua." Mvulana wa nyuma akauliza, kwa heshima zote, "Samahani, Mwalimu. Huyu ni wa Marekani kweli?" Mgeni rasmi alitazama saa yake, akakumbuka kikao, na akaondoka kabla ya soda. Mkuu wa shule aliniita kesho yake akaniuliza kama isingewezekana kujadili marais wa sayari nyingine. Nawashauri: mgeni rasmi azungumze mwisho, na akae mbali na mlango.

Lakini faida hiyo haikubadili matokeo. Mwaka baada ya mwaka wanafunzi waliwasikiliza mashahidi dhidi ya aliyeacha nchi igawanyike, dhidi ya aliyehamisha watu, dhidi ya wezi na waficha makosa, wakatikisa vichwa kwa masikitiko, kisha wakampigia kura aliyekataa koti. Wizi waliuelewa, na habari za kuhamishwa waliwahi kuzisikia. Kutembea bila koti tu ndiko walikoshindwa kusamehe. Mimi niliyekuwa mwamuzi mkuu niliona ni jambo la kufurahisha, hata la maadili, na sikuwahi kujiuliza kwa nini karatasi ya Mtahiniwa wa Tano ndiyo pekee ukutani isiyokuwa na maandishi pembeni.

Simu zilipoingia, ilibidi niongeze ukali. Wanafunzi walianza kuleta habari zilizotumwa na mjomba aliyetumiwa na mtu wa Dodoma. Nikaweka Sheria ya Meza: msemaji akitoa dai, kitabu kiwe mezani, chenye jina la kitabu, mwandishi na ukurasa. Asiye nacho ataketi, na hatapanda tena jukwaani mwaka mzima. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe na niliipenda mno.

Faraja Mhema alikuja kwetu kidato cha tano akitokea Igwachanya. Alikuwa mdogo wa umbo, msomaji wa kila kitu kilichoandikwa, pamoja na magazeti yaliyofungia sabuni. Baba yake, Mzee Mhema, alikuwa mkulima wa viazi na mzee wa kanisa katika usharika wao wa Kilutheri. Binti huyu ndiye aliyesoma neno madhabahuni Jumapili nyingi, na watu wa kwao walikuwa wakisema, "Akisema Faraja, imesemwa." Hiyo ndiyo mali aliyokuja nayo shuleni, na ndiyo niliyokaribia kumpotezea.

Wakati huo shule jirani nazo zilikuwa zimeingia kwenye mdahalo wetu pamoja na sheria zake, na fainali ya mwaka wa mwisho wa Faraja ilikuwa kati yetu na shule ya Makambako, Jumamosi mchana, wazazi wakiwa wamealikwa. Mzee Mhema alifika mapema kwa suti ya ibada na akakaa safu ya pili. Kura ya bahati iliwapa Makambako upande wa kumshitaki Mtahiniwa wa Tano, na sisi tukapewa kumtetea. Wanafunzi wetu wengi waliona tumeshashindwa. Faraja alipanda jukwaani na kitabu kikubwa kwapani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza, "kila mtu aliyemo humu anaijua baridi. Ukipigwa nayo leo, kesho asubuhi unapiga chafya. Mtahiniwa wa Tano alihutubia siku ya kuapishwa, akaenda kazini, akapokea wageni, akagombana na waomba vyeo, na zaidi ya wiki tatu zikapita ndipo akaugua. Nawauliza ndugu zangu wa Makambako: ni mafua gani hayo yanayochukua likizo ya wiki tatu kabla ya kuripoti?"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Msemaji wa Makambako, kijana mwenye ulimi, aliruka.

"Taarifa, Mwenyekiti! Kitabu gani hicho?"

Faraja alikiinua. Hakikuwa na jalada, wala kurasa za mwanzo. Mvua ya paa la maktaba ilikuwa imekiondolea vyote.

"Jina hakina," alisema. "Ila ukurasa ninao."

"Kisicho na jina hata mimi ninacho nyumbani," alijibu kijana yule. "Kinasema wewe, dada yangu, ni malkia wa Uingereza. Nacho ukurasa kinao!"

Walicheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Macho yote yakaja kwangu. Niliinuka. Nilikuwa na sheria, nilikuwa na miaka thelathini ya kazi, na nilikuwa na kaunta buku ya tatu kichwani.

"Faraja Mhema," nilisema, "kitabu kisicho na jina si shahidi. Umekuja hapa kupinga jambo linalojulikana kwa maneno usiyoweza kuyathibitisha. Katika ukumbi huu maneno hayo tunayaita uongo. Keti. Hutapanda tena jukwaa hili."

Aliketi. Makambako walichukua ngao ya ushindi. Baada ya kufunga, Mzee Mhema alinifuata mezani, akanipa mkono akiwa ameshika kofia.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Nimesikia."

Hakunywa chai. Binti yake alimsindikiza hadi getini, na niliona kwamba walitembea bila kuongea.

Wiki zilizofuata Faraja alikuwa akijibu kila swali langu kwa "Sina uhakika, Mwalimu." Nilimwuliza mji mkuu wa Marekani. "Sina uhakika, Mwalimu," alisema, bila dharau hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. "Nilichosomea hakina jalada." Darasa lilitazama chini. Matroni aliniambia kwamba alipokwenda kwao mwishoni mwa mwezi, alikataa kusoma neno kanisani. Alimwambia mchungaji wamtafute mtu ambaye maneno yake yanaaminika.

Niliingia maktaba nikiwa na nia ya kumthibitishia kwamba amekosea. Kitabu nilikipata kwenye boksi la vitabu vya kufutwa. Ukurasa ulikuwa pale, na tarehe zilikuwa pale: siku ya kuapishwa, siku ya kuugua, siku ya kufa. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa kalenda. Zaidi ya wiki tatu. Nikamwandikia mwenzangu anayefundisha chuoni, naye akanitumia picha za kurasa za vitabu viwili vyenye majalada yao. Vilikubaliana na kile cha Faraja. Kimoja kiliongeza kwamba waganga wa baadaye, waliposoma maelezo ya daktari wake, walishuku zaidi maji machafu ya kunywa kuliko baridi. Nilifungua kaunta buku. Pembeni mwa habari ya koti hapakuwa na kitu. Nyeupe, safi, kando ya mwandiko wangu mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Makambako kwa Mzee Mlowe, aliyekuwa amestaafu zamani na kupanda miparachichi. Nilimkuta akiikagua, koti likiwa mwilini.

"Mwalimu wangu," nilimwambia, "habari ya yule rais na koti. Uliitoa wapi?"

Alifikiri akiwa ameshika tawi. "Kwa mwalimu wangu wa chuo."

"Na yeye?"

"Sikumwuliza."

"Wewe? Hukumwuliza?"

"Kijana," alisema, ingawa nilikuwa nakaribia kustaafu, "alikuwa na sauti nzuri sana. Na siku hiyo kulikuwa na baridi." Akaliachia tawi. "Wamekukamata?"

"Binti wa kidato cha sita."

"Ukampa alama ngapi?"

Nikaanza kuisifia miparachichi yake. Alinielewa, kwa sababu hakunipa parachichi hata moja nilipoondoka.

Igwachanya nilikwenda Jumatatu, kwa gari dogo na kisha bodaboda mpaka shambani. Mzee Mhema alikuwa akipalilia viazi na mkewe. "Kamwene," nilimsalimu, akaitikia, akanawa mikono taratibu, akanikaribisha sebuleni, na mama akaleta viazi vya kuchemsha na chai. Nilieleza yote: tarehe, vitabu vitatu, maji machafu, kaunta buku. Nilijieleza vizuri. Nimekuwa mwalimu siku nyingi.

"Mwalimu," alisema nilipomaliza, "huyo rais simjui, na kama alivaa koti au hakuvaa, Mungu amrehemu. Umekuja kuniomba radhi mimi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi hukunikosea. Ulisema mbele ya watu wangapi?"

"Kama mia tatu."

"Basi hao mia tatu hawamo humu ndani." Akanisogezea sahani. "Kula viazi, Mwalimu. Safari ni ndefu."

Nilimwelewa. Kuwakusanya tena watu mia tatu, pamoja na shule ya Makambako, si kazi ndogo. Mkuu wetu aliona ni kujidhalilisha. Mkuu wa Makambako aliuliza kwanza kama tunaitaka ngao. Nilimwambia abaki nayo, nikamwomba alete wanafunzi wake kwa lori la shule yao. Wazazi walialikwa kwa barua nilizoandika kwa mkono.

Siku hiyo nilisimama nikasoma kwa dakika nne, nikitaja vitabu, kurasa na tarehe. Nilisema kwamba Faraja Mhema alisema kweli, kwamba mimi ndiye niliyesimamia jambo nisiloweza kulithibitisha, na kwamba neno nililomwitia nalirudisha kwangu. Nilitarajia makofi, nakiri. Badala yake yule kijana wa Makambako mwenye ulimi alinyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Sheria ya Meza inasema asiye na ushahidi hapandi jukwaani mwaka mzima. Inahusu wasemaji tu, au na waamuzi?"

Mkuu wa shule alikohoa. Walimu walitazama dari. Nilitafuta katika sheria yangu mahali panaponitoa, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimeiandika kwa uangalifu sana.

"Inahusu wote," nilisema.

Nikakusanya karatasi zangu, nikashuka. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa. Nafasi moja ilikuwa safu ya sita, pembeni mwa Mzee Mhema, nikaketi hapo. Mwalimu kijana wa Jiografia alichukua nafasi yangu mezani, na kwa kuwa watu walikuwa wameshafika na lori lilikuwa halirudi mpaka jioni, mdahalo ukarudiwa.

Faraja aliitwa. Alikaa kitambo bila kuinuka, na nilidhani hatainuka. Kisha akapanda, bila kunitazama. Safari hii alimshitaki Mtahiniwa wa Kwanza. Alisema aliyeiba alichukua mali, na aliyejirekodi alijiaibisha mwenyewe, lakini aliyeiona nyumba ikiwaka na akasema funguo za kisima si zake ndiye aliyewaua wengi zaidi, kwa sababu vita vilivyofuata viliwala vijana wa pande zote mbili. Alizungumza taratibu, kwa sauti ya mtu anayepima kila jiwe kabla ya kulikanyaga.

Mzee Mhema aliniinamia. "Mwalimu, hilo la kusema sheria haimruhusu, ni kweli?"

Nilikuwa nalijua jibu, na ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno.

"Mzee," nilimwambia, "mwulize aliyesema."

Alinitazama kidogo. Kisha akasimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi, mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kuongea ndani ya shule. Mwenyekiti akampa nafasi.

"Mimi ni mzazi," alisema. "Namwuliza msemaji. Maneno ya huyo mkubwa, umeyaona kwenye kitabu gani, na ni ukurasa wa ngapi?"

Faraja alimtazama baba yake. Kisha akageuka mezani, akachukua kitabu, akataja jina lake, mwandishi wake na ukurasa, akasoma sentensi mbili, na akakiweka wazi ili anayetaka aje aone. Mzee Mhema alitoka kwenye safu yake, akapita mbele ya watu wote mia tatu, akavaa miwani, akainama juu ya meza na kufuata mistari kwa kidole mpaka mwisho. Alichukua muda wake.

"Ipo," alisema. "Endelea, mwanangu."